Haidrojeni ya Kijani: Tuulize Kwanza Umeme ni wa Nani Saa Moja Jioni

Mikakati ya kitaifa ya haidrojeni imekuwa mingi kuliko haidrojeni yenyewe. Takriban serikali 60 duniani zimekwisha kuandika yao, zikaizindua kwa hotuba na picha za pamoja, na kila moja inaahidi ajira, viwanda na hewa safi. Ukitazama kinachozalishwa, hali ni nyingine. Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati (IEA), mwaka 2024 dunia ilitumia karibu tani milioni 100 za haidrojeni, na ile iliyotengenezwa kwa njia safi haikufika hata tani milioni 1. Iliyobaki ilitoka hasa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe, na ukaa unaotokana na kazi hiyo kwa mwaka unapita ule wa Ujerumani nzima, pamoja na viwanda vyake vyote na magari yake yote.

Kenya nayo ina mkakati wake. Ulizinduliwa Septemba 2023, wakati wa Mkutano wa Afrika kuhusu Tabianchi jijini Nairobi, Rais William Ruto akiwa na Ursula von der Leyen wa Tume ya Ulaya. Nimeusoma na kuurudia, na nasema bila kigugumizi kwamba ni miongoni mwa mikakati michache ya Afrika iliyoanza mahali panapofaa. Haukuanza na meli za kwenda kuuza haidrojeni Hamburg, Ujerumani, ulianza na mbolea. Awamu ya kwanza, hadi 2027, inalenga mitambo ya megawati 100 ya kutenganisha maji kwa umeme, tani 100,000 za mbolea ya naitrojeni kwa mwaka, sawa na takriban asilimia 20 ya ile tunayoagiza, na tani 5,000 za methanoli. Awamu ya pili, hadi 2032, inataka kufikia nusu ya mbolea hiyo inayotoka nje.

Ila kuna swali moja ambalo mkakati haukulijibu kwa ukali linaostahili, na ndilo litakaloamua kama tutapata kiwanda au tutabaki na kabrasha: umeme wenyewe ni wa nani, kwa bei gani, na gridi ikibanwa nani atazimwa wa kwanza?

Kabla ya kufika huko, tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Haidrojeni ni kibebeo cha nishati, haichimbwi kama mafuta. Ili uitoe kwenye maji lazima uyapasue kwa umeme, na umeme huo ukiwa wa vyanzo jadidifu ndipo huitwa ya kijani. Kila kilo moja inakula uniti 50 hadi 55, ilhali nishati utakayoikuta ndani ya kilo hiyo ni kama uniti 33 tu. Ukitaka kuisafirisha ikiwa kimiminika, uipoze hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Kwa hiyo anayekwambia haidrojeni itapikia chai kijijini au itaendesha matatu anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Umeme ukiwa tayari mkononi, uweke moja kwa moja kwenye jiko au kwenye betri ya bodaboda. Utafika mbali zaidi. Haidrojeni ina maana pale ambapo unaihitaji kama malighafi. Na malighafi ya nini? Kwanza kabisa ya amonia, na amonia ndiyo mama wa mbolea zote za naitrojeni.

Hapo ndipo mkulima wa Trans Nzoia anapoingia. Mwaka 2022, gesi ya Ulaya ilipopanda bei na vita vya Ukraine vikaongeza chumvi kwenye kidonda, amonia katika soko la dunia ilipita dola 1,600 kwa tani. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ukavuka shilingi 6,000 madukani. Watu walipanda mahindi bila mbolea, wengine wakapunguza ekari. Serikali ikaingia na ruzuku, mfuko ukauzwa 3,500, kisha mwaka 2023 ukashuka hadi 2,500 kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka. Hazina inalipa tofauti, na meli zinaendelea kutia nanga Mombasa. Nchi inayokula ugali kila siku, halafu bei ya ugali huo inaamuliwa na bomba la gesi lililoko maelfu ya kilomita, ina sababu ya haki ya kutaka amonia yake yenyewe. Hiyo ndiyo hoja ya maendeleo endelevu ninayoielewa, na haihitaji jina la rangi yoyote.

Sasa tufanye hesabu ya mfuko mmoja. Chukua CAN, mbolea ya kukuzia. Kilo 50 zake zina kama kilo 13 za naitrojeni. Ili kuzipata unahitaji karibu kilo 16 za amonia, na kila kilo ya amonia iliyotengenezwa kwa umeme inakula takriban uniti 10. Yaani ndani ya mfuko mmoja wa CAN ya kijani mna uniti 160 hivi za umeme. Umeme huo ukiuzwa kwa shilingi 6.50 kwa uniti, mfuko umebeba shilingi 1,040 za umeme peke yake. Ukiuzwa kwa shilingi 20, bei ambayo viwanda vya kawaida vinaijua vizuri, mfuko umebeba 3,200 kabla hujalipia mtambo, mshahara, chokaa, mfuko wenyewe na lori la kwenda Kitale. Huo tayari unazidi bei ya ruzuku.

Katika biashara hii, bei ya umeme ndiyo sera. Mengine yote, kuanzia kamati za uratibu hadi vituo vya umahiri na warsha za kujenga uwezo, ni mapambo.

Olkaria basi, kwenye visima vya mvuke wa ardhini karibu na Naivasha. Anayeingia hifadhi ya Hell's Gate anayaona mabomba ya rangi ya fedha yakipanda na kushuka vilimani, yakipinda kama magoti kila baada ya hatua kadhaa ili chuma kipate nafasi ya kutanuka, na pundamilia wakilisha chini yake. Mvuke ule unatupatia umeme usiotegemea mvua wala upepo. Kenya ina karibu megawati 950 za aina hiyo, na kwa jumla karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi yetu unatokana na vyanzo jadidifu. Nchi chache sana duniani zinaweza kusema hivyo. Wawekezaji wanaijua takwimu hiyo kuliko Wakenya wenyewe.

Wanaijua na ya pili: usiku wa manane, watu wakiwa wamelala na viwanda vimepunguza kazi, mahitaji ya umeme hushuka hadi karibu nusu ya kilele cha jioni. Mvuke wa visima hauna swichi ya taa. Ukipunguza mitambo, mvuke unaachiwa hewani. Kibaya zaidi, mkataba wa umeme wa upepo wa Turkana, ule mradi wa megawati 310 na mapanga 365 kule Loiyangalani, unatulazimu kuulipia umeme wake tuutumie tusiutumie, kwa hiyo upepo ukivuma usiku ni mvuke wa Olkaria unaoambiwa ukae pembeni. Tunalipa mmoja, tunamwaga mwingine.

Watetezi wa haidrojeni wanasema: basi huo unaomwagwa ndio tuutumie. Wana hoja. Mitambo ya megawati 100 ikifanya kazi saa 6 tu kila usiku inakula uniti 600,000, sawa na mifuko 3,750 ya CAN kila kunapokucha. Kwa mwaka ni kama tani 68,000, theluthi mbili ya lengo la awamu ya kwanza, kutokana na umeme ambao leo unapaa angani. Tena maji yanayohitajika si mengi kama watu wanavyohofia. Kila kilo ya haidrojeni inataka lita 9 za maji, pengine mara mbili au tatu ukihesabu usafishaji na upoozaji. Kwa kiwanda cha saa 6 ni malori 20 hadi 30 ya lita 10,000 kwa siku. Ziwa Naivasha lina matatizo yake, na mashamba ya maua yanajua mchango wao, lakini si hili litakalolikausha.

Tatizo ni kwamba mtambo wa amonia haupendi kuwashwa na kuzimwa. Unataka joto na mgandamizo usiobadilika. Ukiulisha saa 6 kati ya 24, ama ujenge matangi makubwa ya kuhifadhi haidrojeni, ama ukubali mashine ya mamilioni ya dola ikae kimya robo tatu ya siku huku riba ya benki haikai kimya hata dakika. Kwa hiyo mwekezaji anayekuja na wimbo wa umeme wa usiku, akishakalishwa na mabenki yake, atarudi kuomba umeme wa saa 24. Na hapo ndipo tunapokutana na saa moja jioni.

Jioni ya Kenya si usiku wa Kenya. Taa zinawaka kwa pamoja, pasi, televisheni, majiko, na jua limeshatua kwa hiyo paneli za Garissa haziko kazini. Kilele cha mahitaji kimepita megawati 2,300. Tangu mwishoni mwa 2022 tunanunua megawati 200 kutoka Ethiopia, na bado Rais mwenyewe amekiri hadharani kwamba kuna maeneo yanayokatiwa stima kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Nchi moja, siku moja: saa nane usiku inamwaga mvuke, saa moja jioni inazima mitaa. Mkakati wowote wa haidrojeni unaozungumzia wastani wa mwaka bila kuzungumzia saa hizi mbili umeandikwa na mtu anayesoma majedwali tu.

Afrika imekwisha kulipitia jambo hili, ila tunapenda kujifanya kwamba haidrojeni ilizaliwa juzi. Kule Kwekwe, katikati ya Zimbabwe, kampuni ya Sable Chemicals ilikuwa ikitengeneza amonia kwa kupasua maji tangu miaka ya 1970, ikitumia umeme wa maji wa Kariba. Hakukuwa na neno kijani wakati huo, wala hati za kaboni. Kulikuwa na umeme mwingi wa bei ya chini, nchi isiyo na bahari, na wakulima wa mahindi waliotaka amonia naitreti. Mitambo ile ilikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa ya aina yake duniani, ikihitaji umeme wa takriban megawati 100. Soma tena tarakimu hiyo: megawati 100, zile zile ambazo Kenya imeziandika kama lengo la 2027.

Kilichoiua hakikuwa teknolojia. Maji ya Kariba yalipungua, idadi ya watumiaji ikaongezeka, na Zimbabwe ikaingia katika mgao mrefu wa umeme. Ikabidi wachague kati ya kiwanda kimoja na maelfu ya nyumba na migodi, na umeme ule ule ungeweza kuuzwa kwa wengine kwa bei ya juu zaidi. Katikati ya muongo uliopita mitambo ya kupasua maji ikafungwa, na kampuni ikawa inaagiza amonia kwa reli kutoka Afrika Kusini. Kule Aswan, Misri, kiwanda cha KIMA kilianza mwaka 1960 kwa njia hiyo hiyo, kikitumia umeme wa Mto Nile. Leo kinaendeshwa kwa gesi asilia. Rjukan ya Norway nayo iliwahi kuwa mji mkuu wa haidrojeni ya maporomoko ya maji, kisha gesi ikashuka bei na biashara ikahama. Mara tatu, katika mabara mawili, haidrojeni ya umeme ilishindwa kwa sababu moja: ama umeme ulipata mteja mwingine anayelipa vizuri zaidi, ama gesi ilikuwa rahisi.

Kwa nini basi tuamini Olkaria itakuwa tofauti? Inaweza kuwa tofauti, kwa kuwa mvuke haukauki kwa ukame kama Kariba. Lakini ziada ya usiku haitadumu milele. EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, ilipopitia bei za umeme mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya magari ya umeme, shilingi 16 kwa uniti na nusu yake saa za usiku. Maana yake ni kwamba serikali imeshaanza kuwaalika wateja wengine kwenye usiku ule ule. Bodaboda na mabasi ya umeme ya Nairobi yanachaji usiku. Hao nao ni maendeleo endelevu, na kwa kila uniti wanaokoa petroli nyingi kuliko haidrojeni itakavyowahi kuokoa. Ukimfungia mwekezaji mmoja ziada hiyo kwa mkataba wa miaka 20, umeshamnyima mwingine ambaye bado hajazaliwa.

Njia iliyo wazi ni kila kiwanda cha haidrojeni kuja na visima vyake. Mkakati unataja megawati 150 mpya katika awamu ya kwanza, na huo ni mwanzo mzuri. Lakini kuchimba kisima cha mvuke ni kamari ya mamilioni ya dola, na hadi sasa aliyecheza sehemu kubwa ya kamari hiyo Kenya ni mlipa kodi, kupitia KenGen na GDC, kampuni zilizo chini ya serikali. Ikiwa sisi tutachimba na kubeba hasara ya visima vikavu, kisha mvuke uuzwe kwa bei ya kutupa ili mbolea ipate jina la kijani, hiyo itakuwa ruzuku. Sina ugomvi na ruzuku. Nina ugomvi na ruzuku isiyoandikwa kwenye bajeti.

Kuna jambo jingine ambalo wanasiasa hulipita haraka. Mbolea si moja. Amonia ukiigeuza kuwa asidi ya naitriki na kuongeza chokaa, unapata CAN, na kwa udongo wetu wenye tindikali kule Bonde la Ufa hilo si jambo baya. Yurea ni hadithi nyingine: inahitaji hewa ya ukaa, ile ile tunayosema tunaikimbia. Olkaria ina bahati kwamba mvuke wake unakuja na hewa ya ukaa kiasi, lakini kuikusanya na kuisafisha ni mtambo mwingine na gharama nyingine. Na DAP, ile ambayo mkulima wa Kenya anaiona ndiyo mbolea halisi ya kupandia, inataka fosfeti ambayo haidrojeni haiwezi kuileta. Jirani yetu Tanzania ana mwamba wa fosfeti pale Minjingu, Manyara, mwendo wa siku moja kwa lori. Kama kuna ushirikiano wa Afrika Mashariki unaostahili kuandikwa kwenye mkakati wa haidrojeni, ni mvuke wa Naivasha kukutana na mwamba wa Minjingu. Hadi leo kila nchi inaandika mkakati wake kana kwamba mpaka wa Namanga ni bahari. Tanga iliwahi kuwa na kiwanda cha mbolea tangu miaka ya 1970, kilichotegemea malighafi ya meli, na kikafa. Walioko Tanga wanakumbuka.

Kuhusu mauzo ya nje nitakuwa mfupi, maana soko lenyewe limejieleza. Ujerumani mwaka 2023 ilipanga kuagiza asilimia 50 hadi 70 ya haidrojeni itakayoihitaji mwaka 2030, na nchi nyingi za Afrika zikaona hapo fursa ya karne. Julai 2024 ikatangaza matokeo ya zabuni ya kwanza ya mpango wake wa H2Global: kampuni ya Fertiglobe, kwa amonia ya kutoka Misri, kwa euro 1,000 kwa tani ikifikishwa Ulaya. Hiyo ilikuwa takriban mara mbili ya bei ya amonia ya kawaida, na tofauti inalipwa na serikali ya Ujerumani. Ndiyo kusema hata soko tajiri kabisa la haidrojeni safi linasimama kwa fedha za mlipa kodi wa huko, na mlipa kodi huyo ana uchaguzi wa bunge kama sisi.

Namibia iliweka karata yake karibu yote hapo. Mradi wa Hyphen, karibu na mji wa Lüderitz, unakadiriwa kugharimu dola bilioni 10 katika nchi yenye watu milioni 3 ambayo yenyewe inanunua sehemu kubwa ya umeme wake kutoka Afrika Kusini. Kampuni ya RWE ya Ujerumani ilikuwa imetia saini hati ya kutaka tani 300,000 za amonia kwa mwaka, na mwaka 2025 ikajitoa. Hakuna aliyevunja sheria, kwa kuwa hati ya maelewano haimbani mtu. Sisi wenyewe tunaijua ladha yake. Novemba 2022, kwenye mkutano wa tabianchi kule Sharm el-Sheikh, Misri, Kenya ilitia saini na Fortescue ya Australia makubaliano ya kiwanda cha mbolea ya kijani cha megawati 300, kianze 2025. Mwaka huo ulifika, kiwanda hakikufika. Julai 2024 kampuni hiyo ilikuwa imeshalitupa lengo lake kubwa la kuzalisha tani milioni 15 za haidrojeni kwa mwaka ifikapo 2030, na kupunguza wafanyakazi 700 hivi. Ni kampuni hiyo hiyo iliyokuwa na ndoto ya Grand Inga, mradi mkubwa wa umeme wa maji nchini Kongo.

Oman inaweza kumudu mchezo huu kwa muda. Ina fedha za mafuta na gesi, jangwa kubwa la Al Wusta na Dhofar, bandari ya Duqm, na tangu 2022 kampuni ya serikali, Hydrom, inayogawa ardhi kwa zabuni. Lengo lao la tani milioni 1 kwa mwaka ifikapo 2030 sioni likitimia kwa wakati, lakini wakichelewa hawatalala gizani. Kongo haina anasa hiyo. Mwaka 1982 ilikamilisha njia ya umeme ya kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi kulisha migodi ya Katanga. Nyaya zilipita juu ya vijiji na vijiji, na hadi leo wapo wanaoziangalia zikipita huku wakiwasha koroboi. Ukitaka kujua umeme wa kuuza nje unavyoonekana kutoka chini, waulize hao. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ardhi je? Kwenye mikakati, neno ushirikishwaji linaonekana karibu kila ukurasa. Olkaria ina kumbukumbu yake. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha upanuzi wa mitambo ya mvuke na kupelekwa makazi mapya, malalamiko yakafika hadi Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, nalo likakuta kasoro. Kule Marsabit, Oktoba 2021, mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Turkana, ekari 150,000, zilipatikana kinyume cha utaratibu, miaka kadhaa baada ya mapanga kuanza kuzunguka. Miradi yote miwili ni safi kwa hesabu ya ukaa. Mfugaji aliyepoteza malisho hana kipimo cha ukaa nyumbani kwake. Kwa kiwanda cha haidrojeni ninachotaka kuona si warsha nyingine. Nataka hisa za jamii ziandikwe kwenye mkataba kabla ya kisima cha kwanza, na ada ya kaunti ijulikane kwa shilingi.

Nirudi kwenye kilichopo. Pale shamba la Morendat, karibu na Naivasha, upo mtambo mdogo wa kampuni ya Talus uliowekwa kwa ajili ya Kenya Nut, kampuni ya kilimo yenye shamba hilo, unaotumia umeme wa jua wa megawati 2.1 kutengeneza tani moja ya amonia kwa siku. Tani moja si kitu kwa nchi, ni mifuko 60 na ushei ya CAN. Hata hivyo napenda mpangilio wake kuliko miradi yote ya mabilioni niliyoitaja. Mnunuzi yuko upande wa pili wa ua. Umeme ni wa mtambo wenyewe, haumnyang'anyi mtu wa Kayole, mtaani Nairobi, taa ya jioni. Amonia haipandi meli wala treni. Gharama ya kusafirisha mbolea kutoka bandarini hadi bara, ambayo mkulima huilipa bila kuiona, inatoweka. Ikiwa mkakati wetu ungebadilishwa ili badala ya kiwanda kimoja cha megawati 100 tuwe na 20 vya megawati 5, vilivyotawanywa Naivasha, Nakuru, Kitale, Narok na Mwea, kila kimoja kikiwa na chama cha ushirika kama mteja, ningelala usingizi. Vidogo hugharimu zaidi kwa kila tani, nakubali. Lakini kimoja kikishindwa hakiangushi gridi wala Hazina.

Kwa wale watakaong'ang'ania kiwanda kikubwa, EPRA ilishatoa mwongozo wa miradi ya haidrojeni mwaka 2024, na Kamati ya Bunge ya Nishati ina mamlaka ya kuita mikataba. Waiite. Watazame vifungu vitatu. Cha kwanza, bei ya uniti, kwa shilingi au dola, na nani anabeba hatari ya shilingi kushuka. Cha pili, mbolea itakayouzwa ndani kwa mwaka ni tani ngapi na kwa bei ipi ikilinganishwa na ile ya Mombasa, maana kiwanda kilicho Kenya kinachouza kwa bei ya dunia hakimsaidii mkulima siku bei ya dunia ikipanda tena. Cha tatu ni kile ambacho mawakili wa wawekezaji watakipigania hadi usiku wa mwisho: nani anazimwa kwanza. Kiandikwe kwamba kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku, gridi ikielemewa, mitambo ya kupasua maji inashuka hadi kiwango cha chini kabisa bila fidia, na kwamba mitaa haiguswi kabla ya hapo. Mitambo ya kisasa ya aina hii inaweza kupunguza mzigo kwa dakika chache. Matangi ya haidrojeni ndiyo yaulishe mtambo wa amonia hadi usiku uingie. Mwekezaji akisema kifungu hicho kinamharibia hesabu, basi hesabu yake ilikuwa imesimama juu ya stima ya Kayole, na ni afadhali tujue hilo kabla ya kutia saini.